Mtoto Hatulii? Rudisheni Kati, Blada na PE

Wacha niseme hii kitu mapema ndio wa kukasirika akasirike mapema. Ukimnyima mtoto mwenye ADHD mapumziko kwa sababu "hatulii", humfunzi adabu. Unamwondolea kitu kimoja cha bure ambacho kingemsaidia kutulia, halafu saa moja baadaye unamwadhibu kwa kukosa kile umemnyima. Hiyo si nidhamu. Ni kumfungia mtu bomba la maji kisha kumuuliza mbona hajaoga.

Na inafanyika kila siku, kwa shule za bei na kwa shule za mabati. Mtoto ameongea darasani, anabaki ndani wenzake wakienda fildi. Hajamaliza hesabu, leo hana PE. Ametoka kwa dawati mara sita, apige magoti mbele ya darasa mpaka kengele ilie. Jioni mzazi anaambiwa "huyu kijana wako ana shida", anafika nyumbani, anafungia mpira kwa kabati mpaka alama zipande. Shule na nyumbani wamekubaliana bila hata kufanya mkutano: huyu mtoto asisonge. Kisha wote wanashangaa mbona anazidi kuwa mbaya.

Tuelewane kwanza ADHD ni nini, juu najua kuna mtu tayari ameanza kuandika "siku zetu hiyo kitu haikuwa". Ilikuwa. Siku zenu iliitwa utundu, ujinga, kichwa ngumu, na dawa yake ilikuwa kiboko. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto anapata shida kushikilia umakini, kujizuia, kungoja zamu, kupanga vitu, na wengine mwili wenyewe haukubali kukaa. Mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani walitoa 2013 unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano shuleni na nyumbani. Kwa hivyo si kila mtoto anayekimbia kimbia sebuleni ana ADHD. Lakini makadirio ya dunia yanazungushwa kwa asilimia 5 ya watoto. Chukua darasa la watoto 60, ambalo hapa Kenya si la ajabu. Hao ni watoto watatu. Mwalimu, unawajua kwa majina. Majina yao ndiyo unayoita kwa sauti kubwa kuliko yote.

Si malezi mabaya. Tafiti za mapacha zinaonyesha ADHD inarithiwa kwa kiwango kikubwa sana, karibu asilimia 74. Si sukari pia. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio yaliyokuwa yamefanywa juu ya sukari na tabia za watoto, na hawakuona ikiwabadilisha. Na si pepo. Tafadhali, tuache kupeleka mtoto wa miaka minane akaombewe juu hawezi kukaa dakika arobaini akisikiza habari za viambishi.

Kuna utafiti mmoja natamani ungebandikwa kwa kila staffroom ya nchi hii. Mwaka 2007 timu ya taasisi ya afya ya akili ya Marekani, ikiongozwa na Philip Shaw, ilifuatilia picha za ubongo za watoto wenye ADHD na wasio nayo. Iliona ubongo wa wenye ADHD unakua kwa mpangilio ule ule wa wengine, ila umechelewa. Wasio na ADHD, nusu ya sehemu za gamba la ubongo zilikuwa zimefika kilele cha unene wakiwa na miaka kama 7 na nusu. Wenye ADHD, miaka 10 na nusu. Tofauti ya miaka mitatu, na ilionekana zaidi sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ambapo ndipo breki zetu ziko. Sasa wewe unamchapa mtoto wa Grade 5 kwa kukosa breki ambazo zinakuja Grade 8.

Hapo ndipo mazoezi yanaingia. Na si mazoezi ya aina yoyote. Kaa hapo.

Mwaka 2013 Matthew Pontifex na wenzake walichukua watoto 40 wa miaka 8 hadi 10, 20 wana ADHD na 20 hawana. Siku moja watoto walitembea kwa kasi na kukimbia kwenye mashine dakika 20. Siku nyingine walikaa wakisoma dakika 20. Baada ya kila moja wakapimwa umakini, kusoma na hesabu. Baada ya mazoezi walifanya vizuri zaidi kuliko baada ya kukaa. Wote, wenye ADHD na wasio nayo. Dakika 20 tu. Huo ni muda wa mwalimu kumalizia kupiga darasa kelele.

Sababu inaeleweka. Ukisonga mpaka moyo upige, ubongo unaachilia dopamini na norepinefrini zaidi. Hizo ndizo kemikali zilezile ambazo dawa nyingi za ADHD hujaribu kuongeza. Mtoto anayeyumbisha miguu chini ya dawati pengine anajaribu, kwa njia ya pekee mwili wake unajua, kujiamsha ili akusikize. Na wewe unamwambia "weka miguu chini".

Lakini sasa skiza, juu kuna mwalimu hapa ameshaanza kutabasamu akisema, "Basi ni sawa, mimi huwaambia wazunguke fildi mara kumi wakikosea." La. Hapo ndipo nataka tugombane vizuri.

Kuzunguka fildi kama adhabu ni afadhali kuliko kupiga magoti, kwa moyo na mapafu. Lakini kukimbia duara ukiwa umekasirika hakukuulizi swali lolote. Unaweza kukimbia raundi kumi ukiwa unawaza tu vile unamchukia huyo mwalimu. Breki za ubongo hazijaguswa. Na umemfundisha mtoto kwamba kusonga mwili ni mateso, somo ambalo atalibeba mpaka uzeeni.

Zoezi linalosaidia zaidi, vile utafiti unavyozidi kuelekea, ni lile linalofanya kichwa kifanye kazi wakati mwili unafanya kazi. Mwaka 2008 Henning Budde na wenzake huko Ujerumani walichukua vijana wa miaka 13 hadi 16, wakawagawa. Kundi moja likafanya dakika 10 za mazoezi ya kawaida. Lingine likafanya dakika 10 za mazoezi ya kuratibu mwili, ya kudhibiti mpira na mikono na miguu kwa mpangilio. Mapigo ya moyo yalikuwa karibu sawa. Kwenye mtihani wa umakini, makundi yote mawili yalipanda, lakini la kuratibu lilipanda zaidi. Hao hawakuwa vijana wa ADHD, na siwezi kukudanganya walikuwa. Lakini swali limejibiwa: jasho ni lilelile, ila kichwa kikihusishwa faida inaongezeka.

Kwa watoto wenye ADHD wenyewe, watafiti wa Bern, Uswizi, Valentin Benzing na Mirko Schmidt, walitoa matokeo yao 2019. Watoto wa miaka 8 hadi 12 walicheza mchezo wa video unaotumia mwili mzima, wanaruka, wanakwepa, wanafuata maelekezo yanayobadilika. Mara tatu kwa wiki, dakika 30, wiki nane. Waliocheza walipata kasi zaidi kwenye majaribio ya kujizuia na ya kubadilisha fikira kutoka kitu kimoja hadi kingine kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu. Na kabla mtoto hajakimbilia kwa mamake na hii paragrafu: kukaa kwa kochi na simu ukipiga watu risasi si hiyo. Hapo anasonga kidole gumba tu.

Nikisoma hizo tafiti huwa nacheka kidogo, kwa uchungu. Juu vitu ambavyo Uswizi wanahitaji mashine kuvifanya, sisi tulikuwa navyo bure kwa vumbi.

Chukua kati. Wawili wanarusha mpira, mmoja huku na mwingine kule, wewe uko katikati. Lazima uangalie mikono ya huyu, ugeuke kabla mpira haujafika kwa yule, uamue kuruka au kuinama au kujipinda, na usidanganyike na ile ya kujifanya narusha na sirushi. Hiyo ya kutodanganyika ndiyo kujizuia. Wanasayansi wanaipima kwa kompyuta, sisi tulipimwa na mpira wa matambara mgongoni. Kuna mitaa inaongeza chupa ya kujaza mchanga huku unakwepa. Sasa una kazi mbili kichwani kwa wakati mmoja, na ukisahau moja umetoka.

Chukua blada. Mpira wa tyubu umekatwa ukaunganishwa, wawili wanaushikilia kwa miguu, mmoja anaruka. Kuna mpangilio: ndani, nje, kanyaga, geuka, toka. Ukikosea hatua moja, zamu imeisha. Ukipatia, unapanda kutoka kifundo cha mguu hadi goti, hadi kiuno. Hiyo ni kumbukumbu ya kushikilia maelekezo huku unayatumia, ndio ileile ambayo mtoto mwenye ADHD anakosa ukimwambia "toa kitabu, fungua ukurasa wa 43, fanya namba 2 hadi 6". Tofauti ni kwamba kwa blada anataka kukumbuka, na akisahau hakuna anayemwita mjinga. Anangoja zamu yake irudi. Na kungoja zamu nako ni mazoezi.

Bano inakufunza kutuliza mkono kabla ya kupiga. Tapo inakufunza kubadilika papo hapo, sasa hivi unakimbizwa, sekunde moja baadaye ni wewe unakimbiza. Brikicho inakufunza kunyamaza na kukaa bila kusonga, na mtoto ambaye darasani hawezi dakika tano utampata nyuma ya tangi la maji ametulia dakika kumi kama jiwe. Umewahi kujiuliza kwa nini? Juu pale kutulia kuna maana. Na mpira wa chobo ua, ambapo ukipitishwa mpira katikati ya miguu unakula makofi, unakufunza umakini kwa njia ambayo sitaipendekeza kwa wizara, lakini hakuna aliyewahi kusinzia akicheza.

Karate na taekwondo nazo ziko kwa orodha. Mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt walilinganisha watoto wa shule ya msingi waliofunzwa taekwondo na wale waliobaki na PE ya kawaida. Wa taekwondo walipanda zaidi kwa kujidhibiti. Lakini hapa Kenya karate ni ya nani? Ni ya mtoto ambaye ada ya shule yake ina mstari wa "shughuli za ziada". Huyo ana kuogelea Jumatatu, karate Jumatano, densi Ijumaa. Mtoto wa Mathare au wa Kakuma mwenye ubongo uleule ana nini? Ana magoti kwa saruji. ADHD haichagui mtaa. Ila msaada unachagua.

Na sasa tuongee kuhusu wizi, juu ndio unanichoma zaidi.

Kwenye ratiba nyingi PE iko. Imeandikwa vizuri, na rangi. Nenda uulize watoto mara ya mwisho walitoka ni lini. Kipindi cha PE ndicho benki ya walimu wa hesabu, Kiingereza na sayansi: kila mtu anatoa, hakuna anayerudisha. Enzi ya 8-4-4, iliyoanza 1985, walau mtu angesema PE haiko kwa mtihani. CBC ilipokuja tuliambiwa kipaji kimefika. Kisha mambo yakapunguzwa, na leo junior school michezo imeunganishwa na sanaa na muziki kuwa somo moja. Na mahali pengine somo hilo linafundishwa ubaoni. Mtoto anachora kiwanja cha voliboli kwa daftari, anaandika vipimo vyake, anapewa alama. Hajawahi kushika mpira. Hiyo ni kama kusomea chakula.

Cha kuuma ni kwamba sheria iko upande wetu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema mwanafunzi wa kutwa awe darasani saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Halafu saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45 ni za shughuli nje ya masomo. Piga hesabu. Dakika 75 kila siku. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2020, linataka wastani wa angalau dakika 60 za kusonga kwa nguvu kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Yaani serikali ya Kenya, kwa karatasi, iliwapa watoto zaidi ya kile WHO inaomba! Hizo dakika zimeenda wapi? Zimeenda tuisheni. Zimeenda "marudio". Zimeenda kwa mtoto anayepanda basi gizani na kushuka gizani.

Kiboko nacho kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kudhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Kwa hivyo kila mtu anayesema "sisi tunafuata mfumo" aache uongo. Mfumo kwa karatasi unasema wacheze na wasipigwe. Ni sisi tumegeuza.

Na viwanja? Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata wakirushiwa vitoa machozi kwa sababu walisukuma ukuta uliokuwa umezungushiwa uwanja wao? Dunia nzima iliona watoto wa sare wakilia wakitetea mahali pa kucheza. Uwanja ule ulipata kamera. Mingapi imegeuka maegesho, makanisa na majumba ya kupangisha bila kamera yoyote? Mtu akinyakua uwanja wa shule huwa tunasema amenyakua ardhi. Amenyakua pia saa ya pekee ambayo wale watoto watatu wa darasa la 60 wangekuwa sawa na wengine.

Hata pale uwanja upo, tuna tabia moja mbaya: michezo ni ya timu ya shule. Wachezaji kumi na tano wana jezi, wana kocha, wana maziwa na mkate. Wengine mia tano ni washangiliaji. Mtoto mwenye ADHD mara nyingi hachaguliwi, juu anasahau nafasi yake uwanjani, anaingia mapema, anabishana na refa. Kwa hivyo yule anayehitaji uwanja zaidi ndiye anakaa kando akipiga makofi. Msichana naye ana shida mbili. Wasichana wengi wenye ADHD hawarukiruki, wanapotea tu kwa mawazo, kwa hivyo hakuna anayewaona. Wanaitwa wavivu au waota ndoto. Akifika kidato cha pili ameshaambiwa akae kama msichana, na fildi inabaki ya wavulana.

Najua pingamizi, nitazipanga moja moja.

"Unataka kusema mazoezi yanatosha, watu watupe dawa?" Sijasema, na usiende kusema nimesema. Mazoezi hayaponyi ADHD. Tafiti nyingi ni za watoto wachache, na faida inayopimwa mara nyingi ni ndogo au ya wastani. Mtoto aliyeandikiwa dawa na daktari aendelee, na mzazi asikubali kuaibishwa na jirani wa WhatsApp. Simone Biles alisema wazi 2016, rekodi zake za matibabu zilipovujishwa na wadukuzi, kwamba ana ADHD na ametumia dawa tangu utotoni. Huyo ndiye anaruka vile hakuna mwingine duniani anaruka. Dawa na mazoezi si maadui. Michael Phelps alipatikana na ADHD akiwa na miaka 9, na akapata medali 28 za Olimpiki. Simaanishi mtoto wako ataenda Olimpiki. Namaanisha hakuna aliyemfungia nje ya bwawa mpaka amalize hesabu.

"Watoto wataanguka mtihani." Mtoto ambaye hasikii kitu kutoka saa nne hadi saa tisa ameshaanguka, anangoja tu karatasi. Dakika 20 ukimpa, ukarudishiwa dakika 40 za masikizi, umepata faida. Hiyo ni hesabu ya Grade 3.

"Akitoka nje anaumiza wengine." Ndio, inatokea, juu anajirusha kabla ya kufikiria. Sasa ni wapi atajifunza kufikiria kabla ya kujirusha? Peke yake, ndani, akiangalia ukuta? Mpe mchezo wenye kanuni fupi, kundi dogo la watano sita, na mtu mzima wa kusimamia. Akivunja kanuni anakaa zamu moja, kisha anarudi. Asifukuzwe wiki nzima.

"Wewe si uliacha chuo, utatufundisha nini?" Kweli niliacha. Hizo tafiti nazo hazikuacha kuwa kweli siku hiyo. Zisome, kisha urudi tubishane kuhusu zenyewe.

Sasa cha kufanya, juu sipendi mtu anayepiga kelele bila kuacha kitu mezani.

Mwalimu, ondoa mapumziko kwenye orodha yako ya adhabu. Kabisa. Mpe kazi nyingine, ongea naye, mwite mzazi, lakini mapumziko na PE usiguse. Pili, ukiwa na uwezo wa kusema neno kwa ratiba, weka somo gumu baada ya kusonga, si kabla. Tatu, kwenye kipindi kirefu kata dakika tano katikati: simameni, kulia mwa mwenzako gusa bega, nikisema "kushoto" mwende kulia, nikipiga makofi mara mbili msimame tuli. Haigharimu shilingi, na darasa la 60 linaweza. Ukiona wanacheka wakikosea, ujue breki zao zinafanya kazi.

Mzazi, kabla ya kazi ya shule jioni, mpe mtoto nusu saa ya mchezo unaofikirisha. Kama plot yenu haina nafasi, kamba ya kuruka inatosha, na ongeza kanuni: nikitaja mnyama ruka mguu mmoja, nikitaja tunda ruka yote miwili, nikitaja mwalimu wenu simama. Badilisha kanuni kila wiki, juu akizoea kichwa kinalala. Usiifanye adhabu, na usiifanye zawadi ya kunyang'anywa. Ifanye kama chakula. Na kama dalili ni nyingi na za muda mrefu, usikae ukikisia. Uliza kituo cha EARC cha kaunti ndogo yenu, vituo vya serikali vya kutathmini watoto vilivyoanza 1984, au hospitali yenye mtaalamu wa watoto.

Kijana wa kidato, wewe unayesoma hii ukijificha prepu: chagua kitu ambacho ukiacha kufikiria unaanguka. Densi yenye hatua mpya kila wiki, viatu vya magurudumu, ndondi, basketi, sarakasi, karate ya kwa ukumbi wa mtaa. Usingoje timu ya shule ikuchague. Tafuta wengine watatu, hiyo ni timu.

Na nyinyi wa bodi za shule, mnaosaini ujenzi wa darasa jipya juu ya uwanja wa mwisho uliobaki, jueni mnachosaini. Nendeni mbele ya darasa lolote la shule yenu, hesabuni watoto ishirini, mchague mmoja. Mwambieni huyo mmoja kwa macho yake kwamba kuanzia muhula ujao atulie bila mahali pa kusonga. Mkishindwa kumwambia, rudisheni hiyo karatasi.